Likizo ya Uluguru kwa treni ya umeme: tathmini kwa wakazi wa Dar es Salaam

Tathmini hii inahusu likizo fupi ambayo mkazi wa Dar es Salaam anaweza kuifanya bila kupanda ndege wala kuwasha gari lake: kwenda Morogoro kwa treni ya umeme ya reli ya kisasa (SGR), kulala chini ya milima ya Uluguru, na kupanda kwa miguu hadi Morningside na vijiji vilivyo juu yake akiongozwa na mwenyeji wa huko. Nimeifanya safari hii nikiwa peke yangu na nimeifanya na familia, wakati wa kiangazi na wakati wa vuli, kwa hiyo ninayoyaandika hayatokani na siku moja iliyobahatika kuwa nzuri. Hukumu yangu naitoa mapema kwa ajili ya msomaji mwenye haraka: kwa anayetaka kupumzika na papo hapo kupunguza madhara ambayo safari zake zinayaletea mazingira, sijaona likizo inayoizidi hii kwa wakazi wa jiji letu, ingawa upande wa malazi una kasoro ambazo nitazitaja bila kuzificha.

Kwa familia nyingi za mjini zenye kipato cha kutosha, likizo ya maana imezoeleka kuwa ile ya ndege, na Dubai ndiyo inayotajwa kwanza. Kutoka Dar es Salaam hadi Dubai ni karibu kilomita 4,000 angani. Abiria mmoja wa daraja la kawaida anapokwenda na kurudi, sehemu yake ya hewa ya ukaa inayotoka kwenye injini za ndege huzidi nusu tani, ilhali wastani wa Mtanzania kwa mwaka mzima, ukijumlisha mafuta, gesi na makaa ya mawe yote yanayochomwa nchini, ni karibu robo tani tu. Siandiki haya ili kumlaumu mfanyabiashara anayefuata mzigo wa duka lake, wala anayekwenda kumwona ndugu aliyeko Uarabuni. Hao wana sababu ambazo Morogoro haiwezi kuzitimiza. Ninamzungumzia mtu anayetaka siku chache za hewa safi, usingizi na mandhari mapya kwa watoto. Huyo anavyo vyote hivyo mwendo wa saa mbili kutoka nyumbani kwake.

Hata hivyo, ukaribu peke yake hautoshi kuifanya likizo kuwa njema kwa mazingira. Mtu anaweza kuendesha gari kubwa akiwa na abiria mmoja, akakaa Kimara na Kibaha kwenye foleni huku injini inanguruma, akafikia hoteli inayoagiza kila kitu kutoka Dar es Salaam, akala, akalala na kurudi bila mkazi hata mmoja wa mlimani kuipata shilingi yake. Utalii wa ndani wa namna hiyo tunao mwingi. Ndiyo maana katika tathmini hii nimeutazama usafiri wenyewe, kisha nikajiuliza fedha ya mgeni inaishia mikononi mwa nani, na msitu unabaki katika hali gani mgeni akishaondoka.

Nianze na treni, kwa sababu ndiyo iliyoigeuza safari hii kutoka adha kuwa sehemu ya mapumziko. Shirika la Reli Tanzania lilianza kusafirisha abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro kwa reli hii tarehe 14 Juni 2024, na mwezi uliofuata likafika Dodoma. Nauli ya daraja la kawaida hadi Morogoro ilianza kwa shilingi 13,000, na watoto wenye umri wa kati ya miaka 4 na 12 wakawekewa nusu yake, kiwango ambacho hakikuachana sana na nauli ya basi. Basi, kama wote tunavyojua, linaweza kuchukua saa nne au zaidi kutegemea foleni na mizani, wakati treni huchukua saa mbili hivi au chini yake, kutegemea idadi ya vituo inavyosimama. Viti ni vya kukaa wima bila kuumia, mabehewa yana kiyoyozi, na vyoo vipo ndani. Mzazi aliyewahi kubembeleza mtoto hadi Chalinze kwa sababu basi halisimami hahitaji maelezo zaidi juu ya jambo hilo la mwisho.

Kuna sehemu ya njia ambayo ninamsihi kila abiria asiipitie akiwa kwenye simu. Baada ya vilima vya Pugu na kituo cha Soga, treni inakaribia Ruvu na kuuvuka mto wenye jina hilo. Mara nyingi ni maji ya rangi ya udongo yanayopita katikati ya majani marefu, na treni ikiwa katika mwendo wa kilomita 160 kwa saa daraja humalizika kabla hujamwambia mwenzako atazame. Lakini huo ndio mto unaonywesha Dar es Salaam. Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya maji ya bomba ya jiji, na mito mingi inayoulisha mto huo inaanzia katika milima unayoiendea. Kwa maneno mengine, msafiri huyu anakwenda kulala karibu na chanzo cha maji anayoyaoga kila siku, na nadhani ni wachache miongoni mwetu waliowahi kuitazama Uluguru kwa jicho hilo.

Kuhusu umeme wenyewe, ni vizuri kusema ukweli wote. Treni haitoi moshi njiani, lakini umeme wake unatoka katika gridi ya taifa, ambayo inachanganya nguvu ya maji na gesi asilia ya Songosongo na Mtwara. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha mwaka 2024 na limeongeza sana sehemu ya maji katika mchanganyiko huo. Nalo pia lilijengwa ndani ya pori lililokuwa la Selous, kwa gharama ya miti na makazi ya wanyama ambayo haipaswi kusahauliwa. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba safari hii haina madhara yoyote. Ninachoweza kusema ni kwamba mzigo wa kila abiria katika treni iliyojaa ni mdogo sana ukilinganishwa na wa gari dogo lenye watu wawili, na hauwezi hata kidogo kulinganishwa na wa ndege.

Stesheni ya Morogoro ipo Kihonda, nje ya katikati ya mji. Ni jengo la fahari, lakini mgeni anayetaka kuuendea mlima bado ana safari nyingine mbele yake. Bajaji zipo, na ni busara kupatana bei kabla mizigo haijapakiwa. Ningependa kuona daladala zilizopangwa kufuata ratiba ya treni, zikipitia Msamvu hadi mjini, kwa kuwa hiki ndicho kipande cha safari ambacho mtu mwenye watoto na mabegi hukitumia kama kisingizio cha kuja na gari lake.

Tukija kwenye mlima, mji wa Morogoro upo kwenye mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Lupanga, kinachouinamia mji moja kwa moja, kina zaidi ya mita 2,100. Wengi hawafiki huko, na hakuna haja ya kufika. Njia ya Morningside, ambako kuna nyumba ya enzi za Wajerumani, inampeleka mtu mwenye afya ya kawaida juu kwa saa mbili au tatu za mwendo usio wa haraka, ikifuata bonde la mto Morogoro, ikipita mashamba ya migomba, magimbi, maharage na mboga yaliyoning'inia kwenye miteremko mikali. Kila unapopanda joto linapungua, na ukifika juu unaona mji mzima na tambarare iliyo nyuma yake, pamoja na barabara kuu ambayo hukuitumia.

Wakati wa vuli, katika kona moja ya njia hiyo, tulipishana na mama mtu mzima aliyekuwa akiteremka na tenga la mafyulisi kichwani, yamefunikwa kwa majani ya mgomba ili yasipigwe na jua. Tulimpisha, nikamwamkia: "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Mnapanda na hawa watoto? Mungu awatie nguvu." Nilimwomba atuuzie kidogo, naye akashusha tenga juu ya jiwe lililolainishwa na matenga mengi kabla ya lake, akachagua yaliyoiva upande wa chini, ambayo alisema yasingefika sokoni yakiwa mazima. Kisha akasema jambo ambalo limenifundisha zaidi ya mabango ya utalii niliyoyasoma: "Wageni mkila hukuhuku juu, mimi nitashuka mjini kufuata nini?" Aliteremka kuelekea soko kuu la Chifu Kingalu, na sisi tukaendelea kupanda tukiwa na midomo iliyochuruzika utamu. Baadaye mwongozaji wetu alitueleza kwamba akina mama wengi wa vijiji vya juu huianza safari hiyo kabla ya mapambazuko, hushusha mzigo, huuza kwa bei ya mchuuzi, na hupanda tena mchana wakiwa na chumvi na sabuni.

Hapo ndipo ninapouona uzito wa likizo hii. Juu ya mashamba unaanza Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, yenye zaidi ya hekta 24,000, inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, safu kongwe inayoanzia Taita nchini Kenya na kushuka hadi Udzungwa, ambayo misitu yake imetengana kwa muda mrefu kiasi kwamba kila mlima umejitengenezea viumbe vyake. Uluguru ina ndege mwenye kichwa cheusi, mgongo wa kijani na kifua cha manjano ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani; wataalamu humwita Malaconotus alius, na kumsikia ni rahisi kuliko kumwona. Sikubahatika kumwona, na simwahidi mtu kwamba atamwona. Lakini kusimama chini ya miti hiyo ukungu unapoingia, ukasikia maji yanachirizika chini ya mizizi hata kama hakuna mvua iliyonyesha, kunamfanya mtu aelewe msitu unavyofanya kazi: unapokea mvua na ukungu, unashikilia maji katika udongo wake, kisha unayaachia kidogo kidogo hadi Oktoba, wakati tambarare zote zimekauka. Oktoba 2022, mto Ruvu uliposhuka kupita kiasi na jiji likaingia katika mgao wa maji, tuliokuwa tukipanga ndoo Dar es Salaam tulipaswa kuikumbuka milima hii.

Msitu huo unalindwa, au unaharibiwa, na watu wanaoishi ukingoni mwake, na historia ya Uluguru inaonyesha kwamba amri pekee haifui dafu. Katika miaka ya 1950 serikali ya mkoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba makinga maji ya ngazi kwenye miteremko yao, kazi ngumu ya jembe la mkono ambayo wakulima hawakuona faida yake, na mwaka 1955 hasira zao zilizuka huko Matombo hadi mpango wenyewe ukavunjika. Nia ya kuzuia mmomonyoko wa udongo ilikuwa na msingi. Kilichokosekana ni mkulima kuwa na lake ndani ya mpango huo. Leo hii, anayewasha moto wa kuandaa shamba mwishoni mwa kiangazi ukapanda hadi msituni, au anayepeleka mkaa mjini, mara nyingi ni mtu ambaye msitu uliosimama haumlipi chochote. Mgeni anayemlipa kijana wa kijijini amwongoze, akala kwa mama wa kijijini, na akanunua mdalasini na pilipili manga kwa waliovilima, anauongezea msitu huo thamani ambayo mwenyeji anaweza kuishika mkononi. Fedha yenyewe ni ndogo, na sijidanganyi kwamba wageni wa wikiendi wataiokoa Uluguru, lakini ninapenda kujua imekwenda wapi.

Sasa malazi, ambako nyota inapungua. Nyumba moja tuliyofikia, ambayo sitaitaja jina, imejengwa mahali pazuri ajabu, mlima ukiwa dirishani, na wahudumu wake ni wakarimu kweli. Lakini kila chumba kiliwekewa chupa ndogo za plastiki za maji kila siku, katika mji unaopakana na vyanzo vya maji, na jikoni hapakuwa na mtungi mkubwa wala maji yaliyochemshwa ya kujazia chupa zetu. Asubuhi tulipewa juisi ya boksi kutoka nje ya nchi, ilhali umbali wa kutupa jiwe kulikuwa na machungwa, mafyulisi na mapapai yanauzwa kandokando ya barabara. Jambo lililonisikitisha zaidi lilikuwa magunia ya mkaa yaliyoegemezwa ukutani nyuma ya jiko. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2019, na mwaka 2024 ikazitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa. Nyumba ndogo za wageni zipo chini ya kiwango hicho, lakini mwenye biashara inayouza mandhari ya msitu asingehitaji kusubiri sheria imfikie. Nilimweleza msimamizi kwa heshima, akanisikiliza, akasema wageni hawajawahi kuliulizia jambo hilo. Ninaamini alisema kweli, na ndiyo sababu ninawaomba wasomaji waulize kabla ya kulipia chumba: mnapikia nini, maji ya kunywa mnatoa vipi, chakula mnanunua kwa nani.

Nyumba nyingine, ndogo na isiyo na bustani ya kupigia picha, ilitupa majibu mazuri kwa maswali yote matatu. Walipikia gesi, maji ya kuchemsha yalikuwa kwenye jagi lenye kifuniko, na mama mwenye nyumba alitupikia magimbi ya nazi asubuhi, na jioni ndizi mbichi zilizopikwa na maharage, mchicha na kuku wa kienyeji aliyemnunua kwa jirani mbele ya macho yetu. Magodoro yalikuwa ya kawaida na maji ya moto yaliletwa kwa ndoo. Mtu anayehitaji bwawa la kuogelea hatafurahi hapo. Sisi tulilala usingizi ambao Dar es Salaam haujui, kwa sababu ya baridi na kwa sababu ya ukimya, na watoto waliomba magimbi hata baada ya kurudi.

Uongozaji nao unahitaji uangalifu. Mwongozaji wetu alikuwa kijana mwenye ujuzi wa kweli: alijua mti upi hutumika kwa dawa, shamba lipi ni la ukoo gani, na kwa nini kwa Waluguru ardhi ya ukoo hufuata upande wa mama. Lakini safari nyingine mtu aliyetupokea mjini alichukua fedha taslimu bila risiti, na kijana aliyetupandisha mlimani alipata kiasi ambacho ninaona haya kukitaja. Tangu hapo ninauliza waziwazi mwongozaji anapata kiasi gani na kijiji kinapata kiasi gani, na ninataka risiti. Anayetaka kuingia ndani ya msitu wa hifadhi, mathalani kwenda Lupanga, ahakikishe kwamba kibali cha Wakala wa Misitu kimelipiwa kwa kumbukumbu namba ya serikali.

Kwa upande wa gharama, katika hesabu zangu, familia ya watu wanne inayosafiri kwa treni, ikalala siku tatu katika nyumba ya wastani, ikala vizuri na kumlipa mwongozaji kwa haki, hutumia fedha ambayo haifikii tiketi moja ya kwenda na kurudi Dubai. Anayebaki na siku za ziada anaweza kwenda Kinole kuona mashamba ya viungo, au kuchangia gari na wageni wengine hadi Mikumi, ingawa huko kuchangia ndilo jambo la msingi. Na kama hata Morogoro ni mbali kwa likizo ya siku moja, msitu wa Pugu na Kazimzumbwi upo pembezoni mwa jiji lenyewe.

Masika, kati ya Machi na Mei, njia huteleza na sishauri kuwapandisha watoto. Juni hadi Septemba ndio wakati wa kutembea kwa raha, na sweta ni lazima hata kwa anayejiona hasikii baridi. Wazee wetu wasioweza kupanda wasiachwe nyumbani: bustani ya Rock Garden ipo mlimani chini kabisa, maji yanapita katikati ya mawe, na bajaji inafika hadi mlangoni. Tiketi za Ijumaa jioni na za sikukuu huisha mapema, kwa hiyo ya kurudi ikatwe siku ileile unapokata ya kwenda, na kila mtu mzima awe na kitambulisho chake mkononi anapofika stesheni.